JE, MKRISTO ANAWEZA KUJIFUNZA JUDO?



Ndugu mmoja wa hapa Nuu anayefanya kazi Nairobi ameanza judo akiwa na miaka 42. Alinipigia simu: "Pastor, nyumbani wanasema nimerudi nyuma, ati nainamia miungu."

Msimamo wangu ni huu. Judo ilianzishwa Japani mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano. Kule kuinama ni salamu ya heshima kwa mwenzako kabla ya kushikana. Si ibada. Dhambi ni kutoka hapo ukamtafute jirani umpige.

Lakini sikia anachofundishwa kwanza: kuanguka bila kuumia. Na akikabwa, anagonga mkeka kwa mkono, anaachiliwa. Hakuna anayemcheka.

Wanaume wa kanisa, sisi hatujui kugonga. Deni limetukaba, ndoa imetukaba, tunanyamaza mpaka tunavunjika. Yakobo alishindana mieleka usiku kucha (Mwanzo 32), akatoka akichechemea, lakini amebarikiwa.

Mpendwa, kama umekabwa leo, usione aibu. Mwambie Mungu, kisha mpigie ndugu yako simu. Gonga!