Kipimo cha moyo kwa nyuklia: Tusivuke mpaka gizani

Jirani yangu hapa Kimaka, anayepeleka maharage Busia, alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kupimwa moyo. Alikuwa amekwisha kulipa nauli, chumba na malipo ya awali ya hospitali. Asubuhi alipofika mapokezi aliulizwa swali moja: "Umekunywa chai?" Alikuwa amekunywa vikombe viwili pale stendi. Akaambiwa arudi kesho. Siku ya biashara ikapotea na fedha za chumba zikaongezeka, kwa kukosa maelezo ambayo yangetosha kwenye nusu karatasi.

Sisi wa mpakani tunakaa kwenye magari usiku kucha, tunakula tunachokikuta njiani, na maumivu ya kifua tunayaita uchovu. Wengi wetu tutaambiwa siku moja twende kupimwa. Basi tujue tunachokwenda kukikuta.

Jina la nyuklia linatisha, lakini kipimo hiki hakihusiani na bomu. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, mara nyingi teknetiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Dawa hiyo hufuata damu hadi kwenye msuli wa moyo, na kamera maalumu huonyesha ilikofika. Picha hupigwa mara mbili: moyo ukiwa umepumzika, na baada ya kufanyishwa kazi. Kazi hiyo ni kutembea juu ya mashine, au kwa asiyeweza kutembea, kudungwa dawa inayopanua mishipa. Sehemu inayofifia wakati wa kazi peke yake huashiria mshipa uliobanwa. Inayofifia mara zote mbili huenda ni kovu la shambulio la zamani.

Usinywe chai, kahawa wala soda ya kola kwa saa 12 hadi 24 kabla, na usile saa chache kabla ya kipimo. Dawa za presha, kisukari au pumu usiziache wala usizimeze kwa kubahatisha. Muulize daktari siku unapopewa miadi. Mwenye pumu aseme mapema, na mama mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya kudungwa. Vaa viatu vya kutembelea. Utalala kimya chini ya kamera kwa dakika kadhaa, mikono juu ya kichwa. Kazi yote huchukua saa 3 hadi 5, na pengine hugawanywa siku mbili, kwa hiyo usipange kupokea mzigo mchana huo. Ukimaliza, kunywa maji mengi, na siku hiyo usimpakate mtoto mchanga kwa muda mrefu.

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi. Baadhi ya viwanja vya ndege, bandari na mipaka duniani vina vifaa vya kutambua mionzi, na aliyepimwa anaweza kuviamsha siku chache baadaye. Omba barua ya hospitali yenye tarehe na jina la dawa, uiweke pamoja na pasi yako.

Hapo ndipo ninapowageukia wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Nchi zetu zilikwisha gawana hata magonjwa: Tanzania ikapewa kituo cha umahiri cha moyo, Uganda cha saratani, Kenya cha figo. Mpango ni mzuri, kwa kuwa mitambo hii ni ghali na dawa zake haziwekwi ghalani. Hufifia kila saa. Lakini mgawo huo una maana gani ikiwa kadi ya bima ya mgonjwa inaishia mpakani, na picha zilizopigwa upande mmoja hurudiwa upande wa pili kwa gharama mpya?

Naomba mambo matatu. Bima zitambuliwe nchi zote za Jumuiya kwa vipimo vinavyopatikana katika vituo hivyo. Majibu yaliyosomwa na mtaalamu aliyesajiliwa yapokelewe ng'ambo bila kurudiwa pasipo sababu ya kitabibu. Na kila mgonjwa apewe maelekezo kwa Kiswahili tangu siku ya miadi. Mawili ya kwanza yanahitaji vikao na fedha. La tatu linahitaji karatasi tu, na hospitali yoyote inaweza kulianza kesho.

Jirani yangu alirudi siku ya pili, akapimwa. Mshipa mmoja umebanwa, sasa yuko kwenye dawa. Wenye kifua kinachobana mkipanda ngazi au mkibeba gunia, msingoje msimu uishe. Nendeni mkapimwe, na chai muiache stendi.