Mwenye Mimba Aulizwe Mwenyewe

Siku moja tulikaa kwenye benchi la kituo cha afya, tukimngojea mgonjwa wetu. Mbele yetu alikaa mama mwenye mimba ya miezi saba, mume wake kuume, mama mkwe wake kushoto. Mkunga akamwuliza yule mama: «Mtoto anacheza vizuri?» Mume akajibu: «Anacheza.» Mkunga akauliza tena: «Kichwa hakikuumi?» Mama mkwe akajibu: «Kinamwuma, lakini ni uvivu tu.» Mwenye tumbo alitazama chini. Hakuna aliyestaajabu. Hata sisi hatukustaajabu, mpaka tulipofika nyumbani tukaanza kujiuliza: huyu bwana anasikiaje mtoto akicheza katika tumbo lisilo lake?

Na ule uvivu! Kichwa kinachouma sana katika miezi ya mwisho ya mimba, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, ni alama za kifafa cha mimba kinachokaribia. Ugonjwa huo huua mama pamoja na mtoto wake. Kuutambua si kazi kubwa: mkunga hufunga kitambaa cha kupimia damu mkononi, na mama hutoa mkojo kidogo katika kikombe. Dawa nayo ipo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa uitwao Magpie, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano ya sulfati ya magnezi hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu na zaidi. Lakini dawa itamfikiaje mama ambaye kichwa chake kinajibiwa na mtu mwingine?

Hiyo ndiyo hoja yetu, nasi hatutaki kuifunika kwa maneno laini. Kwetu mwenye mimba ni mtu wa mwisho kuulizwa juu ya mimba yake. Mume akata shauri, mama mkwe akata shauri, mwuguzi akata shauri. Yeye hubebwa kama mzigo wa mihogo. Kisha mambo yakiharibika twasema ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu kazi ya mikono yetu.

Mwaka 1994 wanawake wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wazazi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri la kwenda hospitali, kuchelewa njiani, na kuchelewa kutunzwa baada ya kufika. Barabara zetu za Kivu kila mtu azijua, na hatutazitengeneza kabla ya mvua ijayo. Wala hatuwezi kujaza leo sanduku la dawa la hospitali. Lakini kuchelewa kule kwa kwanza kunakaa wapi? Kunakaa nyumbani mwetu, kando ya moto. Mama amezaa, damu haikatiki. Watu wasema: «Tumngoje baba mwenye nyumba.» Baba mwenye nyumba yuko machimboni, simu yake haina mtandao. Damu haingoji mtandao. Mwanamke anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika saa chache, pengine mbili tu. Sharti shauri hilo likatwe mapema, mimba ikiwa bado changa: mume na mke wapatane kwamba damu ikitoka, au maji yakivunjika kabla ya wakati, au homa ikipanda, au mtoto akiacha kucheza, mama huenda mara moja, bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote. Franka za pikipiki ziwekwe mahali anapopajua yeye mwenyewe.

Wanaume wengine watatujibu kwamba baba ni kichwa cha nyumba. Vema. Hatukuja kumnyang'anya baba neno lake. Ndiye atafutaye franka, ndiye abebaye tipoyi usiku wa mvua, na baba asiyejali mimba ya mke wake ni mbaya kuliko baba mwenye amri nyingi. Lakini aende kliniki kusikiliza, siyo kujibu. Na ampeleke mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tuliitalo OMS, linashauri mama aonane na mkunga au mwuguzi mara 8, ya kwanza kabla ya majuma 12 kupita. Wengi kwetu huanza mwezi wa tano au wa sita, wakati ambapo mambo mengi yangekwisha kujulikana: upungufu wa damu, kaswende, ukimwi. Dawa ya kumkinga na malaria nayo huanza kutolewa tangu majuma 13, wala haifai kungoja tumbo lionekane na majirani.

Wako na wakristu wenye hoja nyingine, nayo yatuchukiza zaidi, kwa sababu wanaivika nguo ya dini. Wasema ati Eva alipewa uchungu wa kuzaa, basi mwanamke avumilie, asitafute maarifa. Hao wamechelewa sana. Tarehe 8 Januari 1956, Papa Pius XII alisema na waganga huko Roma juu ya kuzaa bila maumivu. Njia waliyoizungumzia ilitoka kwa waganga wa Urusi: mama hufundishwa mapema jinsi tumbo linavyofanya kazi, jinsi ya kupumua na kulegeza mwili, ili hofu isizidishe uchungu. Papa hakuikataa njia ile, ingawa ilitoka katika nchi ya Wakomunisti. Alisema kwamba Maandiko hayawakatazi watu kutafuta njia ya kupunguza maumivu hayo. Papa aliwaachia wanawake mafundisho. Mkristu wa parokia gani atawanyima?

Sasa tugeuke upande wa nguo nyeupe, kwa maana kosa si la jamaa peke yao. Wako wakunga wema sana, wanaokesha na taa ndogo na mshahara mdogo kuliko taa yenyewe. Lakini wako na wale wampigao mama makofi ya mapaja, wamfinyao tumbo kwa viwiko ili mtoto atoke upesi, wamkatao njia bila kumwambia neno. OMS katika maagizo yake ya mwaka 2018 yasema wazi: tumbo lisisukumwe ili mtoto atoke, kukata njia kusiwe desturi kwa kila mama, mama awe na mtu amtakaye kando yake, na achague mwenyewe namna ya kukaa au kulala wakati wa kuzaa. Kulala chali kwamfaa nani? Mara nyingi kwamfaa yule anayesimama.

Mama akiuliza: «Unafanya nini? Kwa sababu gani? Tusipofanya, itakuwaje?» huo si utovu wa adabu. Twajua kwamba pengine hakuna wakati wa mazungumzo. Hata hivyo kumwambia, «Mama, mtoto anachoka, sharti tukupasue sasa, unakubali?» ni maneno mafupi kuliko Salamu Maria moja. Asiyeweza kuyasema hana haraka, ana dharau.

Na hapa tusidanganyane. Kuchagua si kufanya lolote linalokuja moyoni. Yule anayekunywa majani ya kuharakisha uchungu, aliyoyatoa bibi katika chupa, hachagui kitu, kwa maana hajui nguvu ya dawa ile, wala bibi hajui. Mengine hukaza kizazi kupita kiasi, mtoto akakosa pumzi, au kizazi kikapasuka. Hatuwadharau bibi zetu. Mikono yao yajua kusugua mgongo na kumtuliza mzazi anayelia. Basi bibi aje, akae kando ya kitanda. Ila chupa ibaki nyumbani.

Mtoto akizaliwa, ugomvi waanza upya, kwa kuwa kila mtu ni mwenye mtoto isipokuwa mama yake. Mwacheni kwanza! Akipumua vizuri, apanguswe, awekwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, damu iliyo yake imfikie. Anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya manjano ambayo mama wakwe huamuru yakamuliwe chini ndiyo kinga yake ya kwanza. Kumwosha kungoje siku moja. Juu ya kitovu pasipakwe majivu wala samadi. Na mtoto aliyezaliwa mdogo sana, asifunikwe pembeni akingojea kufa: mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mganga Edgar Rey Sanabria, kwa kukosa mashine za kutosha za kuwapasha watoto joto, aliwafunga juu ya vifua vya mama zao, na dunia nzima imejifunza kwake.

Neno moja la fedha. Mama achague nini, ikiwa baada ya kuzaa hatoki hospitali mpaka deni lilipwe? Tumewaona waliokaa hivyo majuma, mtoto mgongoni, wakifua nguo za wengine wapate chakula. Serikali yetu ilianza kuzalisha bila malipo huko Kinshasa Septemba 2023, kisha ikaendelea polepole mikoani. Basi ulizeni mapema katika hospitali yenu: ni nini kisicholipwa, na ni nini kinacholipwa? Ulizeni mkiwa wengi, siyo mama mmoja mwenye uchungu mlangoni.

Tulipoyasema hayo katika mkutano wa shirika letu, mzee mmoja alisimama, akasema: «Mkiwafundisha kuuliza, kesho watauliza na habari za mshahara.» Watu wakacheka. Sisi tukamwuliza: «Baba, mkeo alizaa mara ngapi?» Akasema: «Mara kumi.» «Walio hai ni wangapi?» «Sita.» Tukamwuliza kama alipata kumwuliza mama yule jinsi wale wanne walivyotoka. Akanyamaza kitambo, akashika kofia yake, akasema atamwuliza jioni.