Mwandishi Mpangaji

Wiki mbili zilizopita tuliketi kibarazani, mimi na waandishi chipukizi wenzangu, tukisomeana sura za riwaya zetu. Zamu yangu ilipofika nikasema sina sura, nilikuwa najenga desktopu. Wakaangua kicheko. Mmoja akanitupia: "Wee kazi yako kalamu, bwana. Hayo ya kompyuta waachie mafundi!" Siku ile nilinyamaza. Leo nawajibu, tena kwa maandishi ili wasinikatize.

Kwanza kisa chenyewe. Mie elimu yangu kidato cha nne, na chombo changu ni laptopu ya mtumba yenye memori ya gigabaiti 2. Fundi wa mtaani alikuwa ameniwekea programu za wizi. Virusi vikaingia, sura ya sita yote ikaenda na maji. Nikamrudia fundi. Akanitoza hela, akafuta kila kitu, akaniwekea vilevile vya wizi. Nikajiuliza: hivi mashine hii ni yangu, au mie ni mpangaji tu humu, na mwenye nyumba simjui?

Ndipo nikahamia Linux. Kwa asiyejua, kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21. Kabla yake, mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU. Dai lake ni kwamba mtumiaji ana haki ya kuiendesha programu apendavyo, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na kumgawia mwenzake.

Kuisoma! Hapo ndipo penye neno langu. Programu ni maandishi, jamani. Kuna mtu kaketi akaiandika mstari kwa mstari, akafuta, akarudia, kama sisi. Ila mashine haiyaelewi maandishi hayo mpaka yakompailiwe, yaani yageuzwe kuwa amri za namba. Wauzaji wengi hukupa hizo namba tu, mswada wakaufungia kabatini. Hawa wa Linux wanakupa mswada.

Nikachagua desktopu ya Xfce, toleo la 4.20 lililotoka Desemba 2024, kwa kuwa ni nyepesi. Ningeweza kuiweka ikiwa tayari kwa amri moja. Nikakataa. Nikapakua mswada wake, bando likakata roho mara mbili. Kazi hii ina utaratibu wake kama kujenga nyumba: kwanza libxfce4util, halafu xfconf, halafu libxfce4ui, ndipo baadaye ufikie paneli, meneja wa madirisha na dawati lenyewe. Ukiezeka kabla ya kuta, inakugomea. Kila kipande unakikagua, unakikompaili kwa amri ya make, kisha unakiweka mahali pake. Vyote niliviweka katika folda yangu mwenyewe, ili nikiharibu niharibu changu, nisiubomoe mfumo mzima.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa makosa matupu. Mashine inalia maktaba fulani haipo, nami naiona ipo! Kumbe kilichokosekana ni faili zake za kujengea, ambazo hupakuliwa peke yake. Nikajifunza kusoma kosa mpaka mstari wa mwisho badala ya kupiga kelele. Usiku wa tatu nikaiambia meneja wa madirisha ijengwe bila mbwembwe za vivuli na vioo, maana gigabaiti 2 si za kuchezea. Alfajiri ikawaka. Bwana wee, nilitaka kuwaamsha majirani.

Halafu nikaona folda iitwayo po. Ndani yake kila neno linalotokea kwenye skrini limeandikwa, na chini yake pameachwa nafasi ya tafsiri. Nikaanza kujaza Kiswahili. Pa kutupia faili nimepaita Jalala. Pale mashine inapouliza kama nina hakika ya kufuta, sasa inaniuliza: "Umeamua kweli?" Maneno kumi na mawili tu yalinichukua jioni nzima, nikiyapima kama mashairi. Sasa niambieni, hiyo si kazi ya mwandishi? Ni ya fundi?

Tena msidhani hili nimelianza mimi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kuzungumza Kiswahili. Walioifanya walituachia njia. Sisi tunaojiita watunzi wa lugha hii tumeifuata wapi? Tunaandika riwaya za Kiswahili ndani ya mashine inayotuamrisha Kizungu, na wala hatushtuki.

Nakiri, wenzangu wana hoja moja. Desktopu haiandiki riwaya. Kuna jioni nne nilizopoteza nikibadilisha rangi za paneli, sikuandika hata aya. Huo ulikuwa uvivu uliovaa ovaroli, na siutetei.

Lakini msiniambie chombo hakimhusu mtunzi. Hata huyo aliyeianzisha Xfce mwaka 1996, Olivier Fourdan, yalimkuta. Aliijenga juu ya maktaba ya XForms, ambayo mswada wake haukuwa huru. Alipotaka ichukuliwe katika usambazaji mmoja wa Linux, alikataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Hakulia. Mwaka 1999 akaanza kuiandika upya juu ya GTK, maktaba iliyo wazi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa hiyo kwako uliyenicheka: sikuagizi ukakompaili desktopu. Nakuomba usiku mmoja tu. Pakua mswada wa programu yoyote huru unayoitumia, fungua faili moja, soma. Mengi hutayaelewa. Lakini utaona kwamba nyuma ya skrini yako yupo mwandishi, na kwamba leseni imekupa kalamu nyekundu.

Sura ya sita nimeianza upya. Nikimaliza kwa siku hufunga kazi kwa kubonyeza neno nililolichagua mwenyewe: Toka. Safari hii natoka kama mwenye nyumba, funguo mfukoni.