Gita si Usaliti

Wapo wasemao kwamba kijana wa Kasulu au Kibondo akijifunza gita kwa «Lágrima», yaani «Chozi», ya Mhispania Francisco Tárrega (1852–1909), ameikana asili yake. Maneno hayo yashangaza zaidi yatokapo visiwani. Akhwani Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, imejijengea jina kwa udi na kanuni za Kiarabu na fidla ya Ulaya. Nani leo athubutuye kusema taarabu si ya Waswahili?

Na aupimaye utungo huo atakuta vipimo 16: 8 vya utulivu na 8 vya simanzi, kisha hurejea mwanzo. Ajuaye mizani 8 za ukwapi na 8 za utao hapotei humo. Wala Buha si mbali na nyuzi: ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi walio ndugu zao kwa lugha, inanga hupigwa kwa vidole huku mwimbaji akinong'ona.

Ugumu wa «Chozi» haumo katika ugeni wake. Umo katika kuuacha uzi ulie hadi ukome, bila pupa. Amkatazaye kijana subira hiyo halindi utamaduni wowote. Aulinda uvivu wa masikio yake.