NANI MWENYE JUA LA UNGUJA NA PEMBA?



Twawasikia wenzetu wengi, matawini na barazani, wakiilaumu Serikali juu ya jambo la umeme, na lawama yao yote yaishia katika dai moja: iletwe kebo nyingine kutoka bara. Sisi twaona dai hilo ni dogo kuliko dhiki yenyewe. Aliyefungwa kamba hafunguki kwa kuongezewa kamba ya pili.

Na tukumbushane. Unguja imepata umeme wa bara kwa kebo ya chini ya bahari tangu 1980. Mei 2008 umeme huo ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi ila Machi 2010. Wenye fedha walinunua majenereta. Sisi wengine tulirudi kwenye vibatari na mishumaa. Lakini giza halikuwa taabu kubwa. Taabu kubwa ilikuwa maji, kwa kuwa visima vya mji huvutwa kwa pampu za umeme, na waya ulipokufa mifereji nayo ikakauka. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata kebo kubwa zaidi 2013. Alhamdulillah, neema hatuikatai. Ila Machi 2017 tulitishiwa kukatiwa umeme kwa sababu ya deni, na hapo kila mwenye akili alifahamu kwamba waya ni mzima lakini swichi haiko kwetu.

Hali ya chakula ni hiyo hiyo. Sisi wenye maduka twaijua zaidi, kwa kuwa magunia twayafungua kwa mikono yetu: mchele uliao visiwani, kwa sehemu kubwa, umevuka bahari, ama kutoka Asia ama kutoka bara. Julai 2023 Serikali ya India ilipiga marufuku kupeleka nje mchele mweupe usio basmati, na marufuku hayo hayakuondolewa ila Septemba 2024. Bei zikapanda duniani. Aliyetia saini amri ile kule Delhi hakuwa na khabari ya mtu wa Micheweni anunuaye kilo moja kwa siku, wala hatumlaumu. Alikuwa akiwatazama watu wake. Wa kuwatazama watu wetu ni nani?

Majawabu yapo humu humu visiwani, na walioyaanzisha si wakubwa. Kinyasini wanawake wa vijijini, wengine wenye kisomo kidogo tu, wamefundishwa kuunda na kutengeneza taa za jua, kisha wakarudi vijijini kwao kuwa mafundi. Taa ikiharibika fundi yu jirani. Hilo ndilo lililokosekana katika misaada mingi ya sola tuliyoletewa, ambayo huzinduliwa kwa hotuba na kufa kwa kukosa waya wa shilingi elfu tano.

Katika Kisiwa Panza wavuvi walikubaliana wenyewe kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, pweza asiguswe, kisha kuifungua kwa siku ijulikanayo na wote. Pweza hukua upesi mno; akiachwa miezi mitatu tu uzito wake huzidi mara kadhaa. Lakini tusifanye jambo hili kuwa jepesi. Katika miezi hiyo wanaofunga tumbo zaidi ni wanawake wachokoao pweza kwa miguu, wasio na chombo cha kwendea mwamba mwingine. Nao wakivumilia hivyo, akaja mgeni usiku na kioo chake na mkuki wake akavua walichokiweka, saburi yao itakuwa imemfaa nani? Twataka makubaliano ya kijiji yawe na nguvu mbele ya mgeni kama yalivyo mbele ya mwenyeji.

Na mabonde ya mpunga hali kadhalika. Bonde lenye pampu ya jua halingoji waya wala dizeli. Ila pampu isiyonunuliwa mafuta humshawishi mtu kuvuta bila kiasi, na kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huleta chumvi. Kwa hivyo pampu iwe ya wakulima wa bonde kwa ushirika, wakipangiana zamu, wala isiwe ya tajiri mmoja aliyetangulia kununua.

Twajua neno kujitegemea lina kovu hapa kwetu. Wazee wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao na foleni. Mtu akiambiwa leo arudie muhogo na shelisheli hudhani anarudishwa kwenye foleni ile. Hatusemi hivyo. Wakati ule amri ilishuka kutoka juu. Tusemayo sisi ni kwamba wanakijiji wapewe haki ya kuamua, na anayetaka kula mchele wa Mbeya na aule.

Chuoni tulifundishwa, nayo ni mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kwamba watu wana ushirika katika maji, malisho na moto. Jua ndio moto wa zama zetu. Tangu 2021 visiwa vidogo kadhaa vimekodishwa kwa wawekezaji, na hatuoni kizuizi cha kukodishwa jua nalo, hata mwananchi auziwe mwanga ulioanguka juu ya paa lake mwenyewe. Dai la chama chetu na liwe hili: shehia iruhusiwe kwa sheria kuzalisha umeme juu ya mapaa ya skuli na misikiti yake, na umeme unaozidi ununuliwe kwa bei iliyotangazwa.

Kabla ya kikao cha bajeti cha Baraza la Wawakilishi, kila tawi lituandikie mambo matatu: bonde lililo karibu nalo na hali ya pampu yake, mwamba ambao wavuvi wako tayari kuufunga, na jina la fundi wa sola, mwanamume au mwanamke, aliyeko katika shehia. Tawi lisilo na fundi liandike hivyo hivyo kwamba hana.