Msaliti Naye Apewe Kalamu

Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi, kisa cha Fumo Liyongo husomwa mwaka baada ya mwaka: bingwa wa upinde, malenga, shujaa aliyeuawa na mwanawe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Anastahili heshima hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi atokaye Ndhiwa au Nyatike huja chuoni na mashujaa wake, kisha mara nyingi huwaacha langoni, kana kwamba Kiswahili hakina kiti cha kuwakalisha.

Gor Mahia, mwana wa Ogada, alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, Homa Bay, na husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 hubeba jina lake. Mashabiki hulishangilia, lakini ni wangapi wamjuao mwenyewe? Katika Migori, boma la Thimlich Ohinga, lililojengwa yapata karne ya 16 kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, lilitiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mandhari ya riwaya ya kihistoria yako tayari. Anayesubiriwa ni mwandishi.

Wapo wanaoshikilia kwamba visakale hivi ni vya Kijaluo na kwamba vikihamishwa vitachujuka. Sikubaliani nao. Okoiti Omtatah, ambaye si Mjaluo, alimwandikia Lwanda Magere tamthilia kwa Kiingereza. Ikiwa lugha ya ng'ambo ilimpokea shujaa huyo wa Kano, Kiswahili kilicho jirani kitashindwaje?

Tunachopaswa kuhofia ni kusimulia upya kwa kunakili sifa tu. Tumtazame Magere huyo huyo, anayesimuliwa kotekote Ujaluoni. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki haikumpenya. Maadui wakamtunukia binti yao awe mkewe. Mumewe alipougua, binti akagundua kwamba uhai wake umo kivulini; akatoroka, akawaambia watu wake. Vitani kivuli kikachomwa mkuki, na shujaa akageuka mwamba. Tangu hapo mwanamke huyo hutajwa kama onyo: mke wa kigeni haaminiki.

Riwaya ya leo haina budi kuuliza yale ambayo sifa huyanyamazia. Alipotolewa kama zawadi, nani aliitaka ridhaa yake? Kwao, je, hakuwa yeye shujaa aliyeingia peke yake katika boma la adui? Na mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa binti wa sultani, alikuwa muuaji tu, au pia kijana aliyetumiwa na wakubwa?

Kuwasikiliza hawa hakumpunguzii shujaa hadhi. Humrudishia ubinadamu, nasi hutufunza jinsi mamlaka yanavyowatumia wanyonge kisha yakawatwika lawama. Enyi wanafunzi wenzangu wa Migori na Homa Bay, nendeni mkawasikilize wazee, kisha mwandike. Wahenga walinena: Mgala muue na haki umpe.