Dereva aliyeko nje ya geti ni mgeni wa mwenye ghala

NDUGU zangu Waislamu, leo napenda tutazame jambo ambalo aghalabu hatulihesabu kuwa ni la dini, nalo ni namna tunavyowapokea madereva wa malori wanapotuletea mizigo kwenye maghala, mabohari na maduka yetu ya jumla.

Apitaye Iyunga jijini Mbeya, au Mafinga, au Ipogolo chini ya mji wa Iringa, huyaona malori yameegeshwa kando ya barabara, akadhani madereva wake wamepumzika. Wengi wao hawakupumzika. Mmoja amefika jana alasiri na mzigo wa mbolea, mlinzi akamwambia asubiri. Asubuhi mtunza stoo hajafika. Alipofika, wapakuaji hawajaja. Wapakuaji walipokuja, karatasi ya mzigo ikaonekana ina saini pungufu. Saini ilipopatikana mvua ikaanza, na mvua ilipokatika ikawa Jumamosi mchana na ghala limefungwa hadi Jumatatu. Siku zote hizo mtu huyu na utingo wake wamelala kwenye viti vya gari, na mwenye kuijua baridi ya Makambako na Uyole mwezi wa Juni na Julai hana haja ya kuelezwa. Choo kipo ndani ya uzio, lakini si chake. Bomba la maji lipo, lakini si lake. Kuondoka hawezi, kwani akilipa gari kisogo turubai litachanwa, betri itang'olewa na dizeli itanyonywa, na yote hayo atadaiwa yeye.

Katika Sura ya 12 ya Qur'ani Tukufu tunasimuliwa habari za msimamizi wa ghala. Nabii Yusuf (Alayhis Salaam) aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi ya Misri, kwa kuwa alikuwa mlinzi na mjuzi. Njaa ilipoenea, misafara ikamjia kutoka mbali pamoja na wanyama wake wa kubebea nafaka. Naye alipowaandalia ndugu zake shehena yao, aliwakumbusha mambo mawili kwa pamoja, kama ilivyo katika aya ya 59: kwamba yeye hutimiza kipimo, na kwamba yeye ni mbora wa wenye kukaribisha wageni. Tena tusisahau kwamba hao walikuwa ndugu wale wale waliomtupa kisimani. Wafanyabiashara wetu wengi wanajitahidi katika hilo la kwanza, la kipimo, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Hili la pili, kwamba mwenye ghala ni mwenyeji na aliyefika getini na shehena ni mgeni wake, ni kana kwamba halimo katika msahafu.

Wema waliotangulia walilielewa. Khalifa Umar bin Abdulaziz alimwagiza liwali wake wa Samarkand ajenge nyumba za wasafiri njiani. Apitaye akirimiwe mchana na usiku, na mgonjwa apewe siku mbili, na hata mnyama wake atunzwe. Miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka, mmoja ni msafiri aliyekwama. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa mmoja wa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama ni yule aliyekuwa na maji ya ziada njiani, akamnyima msafiri. Naomba kila mwenye bomba nyuma ya uzio aisome hadithi hiyo mara mbili.

Miaka michache iliyopita dereva mmoja aliniuliza baada ya swala ya Isha suala la kifiqhi. Alikuwa kwenye ghala moja kwa siku ya nne, na kila siku anaambiwa atapakuliwa kesho. Je, aendelee kupunguza swala, au akamilishe? Wanazuoni wetu walilizungumzia suala hilo karne nyingi zilizopita. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayekusudia kukaa siku nne kamili hukamilisha swala; lakini anayesubiri haja yake akitarajia kuipata wakati wowote, asijue ataondoka lini, hupunguza hadi siku 18. Kwa Mahanafi mtu wa namna hiyo huendelea kupunguza hata muda ukirefuka. Nilimjibu hivyo, akashukuru, akarudi garini kwake. Baadaye nikatafakari kwamba mafaqihi walimfikiria mtu aliyezuiwa na maradhi, au vita, au kusubiri msafara. Huyu wetu alizuiwa na mtu mwenye funguo mfukoni.

Tujiulize sasa, saa hizo ni za nani? Katika mlango wa ijara, wanazuoni wanasema kwamba mwajiriwa aliyekodiwa kwa muda anastahiki ujira wake kwa kule kujitoa na kuwa tayari kwa kazi, hata kama aliyemwajiri hakumpa la kufanya. Ulimwengu wa biashara nao unalijua hilo vizuri, ila unalitumia kwa chuma. Kontena likikaa kupita siku za msamaha, kampuni ya meli hutoza malipo kwa kila siku inayozidi, na mwenye mzigo hulipa huku akinung'unika. Chombo kikicheleweshwa kinalipiwa. Mtu aliyekileta chombo hicho, ambaye posho yake ya safari ilipigiwa hesabu ya siku tatu, anakula posho hiyo hiyo siku ya saba, kisha anakopa kwa mama ntilie.

Sheria ya nchi yetu haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, inakataza kazi kupita saa 12 kwa siku moja pamoja na saa za ziada, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo. Utasikia hoja kwamba kusubiri si kazi, kwani dereva amekaa tu. Asiyeweza kuondoka, ambaye lazima asogeze gari foleni ikisogea saa nane usiku, na ambaye atalipishwa kikipotea kitu, huyo yuko kazini. Atakayebisha na akae yeye kwenye kiti hicho usiku mmoja.

Madhara yake hayaishii kwa dereva. Saa zilizopotea getini hazifutiki, bali hutafutwa barabarani. Tajiri anapiga simu kuuliza gari liko wapi, mzigo mwingine unangoja Dar es Salaam, na kutoka Mbeya hadi huko ni zaidi ya kilomita 800. Mtu aliyelala saa mbili anaanza safari jioni, na mbele yake kuna miteremko ya Inyala na Kitonga, mahali ambapo gari zito lataka gia ndogo, breki nzima na akili iliyo macho. Mnamo Januari 2018 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa taarifa kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka katika wastani wa muda ambao lori linakaa ghalani, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2. Dakika kumi na tano! Sisi tunazungumzia siku.

Mkoa wa Mbeya unajua uzito wa lori lililoshindwa kusimama. Usiku wa Juni 7, 2025, katika mteremko wa Iwambi karibu na Mbalizi, lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu 28 wakapoteza maisha. Iringa nayo haijasahau Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena lilipoliangukia basi na kuua watu zaidi ya 40. Sisemi kwamba madereva wa ajali hizo walikuwa wametoka kusubirishwa. Hayo yana wachunguzi wake. Nasema kwamba barabara ambayo imetuonesha hayo si mahali pa kumpeleka mtu ambaye tumemnyima usingizi sisi wenyewe.

Liko pia suala la upungufu wa mzigo. Magunia yamepakiwa na wengine, yamehesabiwa na wengine, na ghalani yanahesabiwa upya na watu wa mpokeaji. Ikionekana yamepungua mawili, thamani yake inakatwa kwa dereva hapo hapo bila maelezo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana, halipi ila akifanya hiana au uzembe. Ni kweli wapo wanazuoni waliowabebesha mafundi na wachukuzi dhamana ili kulinda mali za watu, lakini hata wao hawakuruhusu mtu ahukumiwe bila kusikilizwa. Na ile sheria ya 2004 inataka kosa liwe la mfanyakazi kweli, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mfano mwingine ni mizani. Ghala linapakia kupita kiasi ili kuokoa safari moja, lakini anayesimamishwa Wenda, Makambako, Uyole au Mpemba ni dereva. Sura ya 83 imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na sioni ni kwa nini anayemzidishia mwenzake mzigo kwa siri ajione yuko nje ya onyo hilo.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Wapo madereva wanaouza dizeli njiani, wanaokata lakiri, wanaofika siku mbili baada ya ahadi kisha wakataka wapakuliwe kwanza. Wenye maghala wameibiwa sana, na ukali wa getini haukuzuka hivi hivi. Msimu wa mavuno ukifika, mpunga wa Usangu ukaanza kumiminika Igurusi na mahindi yakaja kwa pamoja, hata ghala lenye utaratibu mzuri litakuwa na foleni. Yote hayo nayakubali. Lakini mwizi anazuiwa kwa hesabu na kumbukumbu, na foleni inatengenezwa kwa namba na miadi. Hakuna mwizi aliyewahi kuzuiwa kwa kufungiwa choo. Wala tusimlaumu mlinzi, ambaye naye ni mwajiriwa anayetekeleza alilotumwa.

Nanyi akina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, jambo hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Mtume (Rehema na amani zimshukie) ametufundisha kuwa safari ni kipande cha adhabu, kwani humzuilia mtu chakula, kinywaji na usingizi wake, na akaagiza kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa familia yake. Anayemzuia dereva bila sababu ameizuia familia hiyo pia. Siku tatu za kukaa bure kando ya barabara kuu zina mambo yake, na wazee wa mji wowote wa njia hii wanayajua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulionesha kuwa maambukizi ya Virusi vya Ukimwi katika Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa pamoja na Njombe, yalifika asilimia 15.7 ya watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Sababu zake ni nyingi na si za madereva peke yao. Hata hivyo, mwanamume aliyepakuliwa mapema na kurudi kwake amepunguziwa usiku wa majaribu.

Ninachowaomba wenye maghala si kikubwa. Saa aliyofika dereva iandikwe getini kwenye karatasi yake ya mzigo, naye abaki na nakala. Dini yetu iliamrisha deni liandikwe, katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, na saa za mtu ni deni. Ikishaandikwa, mwenye mzigo, mwenye lori na mwenye ghala wataweza kukaa na kukubaliana mapema kwamba baada ya muda fulani kila siku inayozidi ina malipo yake, na kwamba malipo hayo yanamfikia dereva na utingo badala ya kuishia kwa tajiri. Bila saa iliyoandikwa, mazungumzo hayo hayana pa kuanzia. Kisha choo, maji, na banda dogo la kukaa mvua inaponyesha. Wapo wafanyabiashara wa Mbeya ambao tayari wanampigia dereva simu akiwa bado Igawa, kumwambia aje moja kwa moja au alale huko mpaka asubuhi. Simu ya dakika moja, na mtu analala kitandani.

Na kwa kuwa leo ni Ijumaa, kuna moja linaloweza kufanyika kabla ya adhana. Saa sita maghala mengi ya Waislamu yatafungwa ili watu waende msikitini. Swala ya Ijumaa si wajibu kwa msafiri, lakini wengi wa madereva walioko nje wangependa kuhudhuria, na kinachowazuia ni kuogopa kuliacha gari barabarani. Basi kabla hujafunga, mwambie aliingize ndani ya uzio, kisha mfuatane.